Wastani umeshuka kutoka 24 hadi 19: ni watoto walioshuka, au ni mtihani uliopanda?

*"Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi, na ndiye ninayeratibu mitihani ya ujirani mwema ya shule tano za kata yetu. Mwezi Machi wanafunzi 212 wa Darasa la Saba walifanya mtihani wa Hisabati wa maswali 40 ya kuchagua jibu moja kati ya manne, wastani ukawa 24. Mwezi Juni walewale 212 walifanya mwingine wa maswali 40, maswali mapya yote, wastani ukawa 19. Afisa Elimu Kata anataka maelezo ya maandishi kwa nini watoto wameshuka. Kijana wetu mmoja aliye chuo kikuu aliyapitisha majibu yote kwenye programu ya modeli ya Rasch, akaniambia kwamba modeli hii huondoa ugumu wa mtihani na kubakiza uwezo wa mtoto. Wastani wa uwezo ukatoka 0.52 kwa Machi na −0.12 kwa Juni. Basi ni kweli wameshuka?*

*"Kuna mengine siyaelewi. Swali la 7 la Machi lina ugumu wa −2.1, je, ni bovu? Swali la 33 lina 2.4 na programu imeliwekea onyo. Waliochagua B, ambalo ndilo jibu la mwongozo wetu, ni 30 tu, na waliochagua C ni 118. Mwanafunzi aliyepata 40 kati ya 40 ana kosa la kipimo la 1.83 wakati wenzake wa katikati wana 0.35, kana kwamba aliyefanya vizuri kuliko wote ndiye asiyeaminika. Na wanafunzi wawili waliopata 28 wamepewa uwezo uleule, ingawa mmoja alipata maswali magumu ambayo mwenzake aliyakosa, yeye akakosa mepesi, hasa ya mwanzoni. Hiyo ni haki? Niyafute maswali yenye kasoro nipange nafasi upya?"*

Mwalimu, umeuliza mengi, lakini lenye uzito ni la kwanza, kwa sababu ndilo linaloweza kumwandikia mwalimu mwenzako barua ya onyo. Nianze nalo. Takwimu za kijana wako hazionyeshi kwamba watoto wameshuka. Hazionyeshi pia kwamba wamepanda. Zimerudia tu, kwa namba za aina nyingine, jambo ulilokuwa nalo tangu mwanzo: kwamba watoto walijibu sahihi maswali mengi zaidi Machi kuliko Juni.

Najua hilo linakatisha tamaa, maana uliambiwa modeli huondoa ugumu wa mtihani. Kauli hiyo ina ukweli, ila imekatwa mkia. Tuutafute mkia wake.

Modeli ya Rasch haianzii kwenye mtihani mzima. Inaanzia pale mtoto mmoja anapokutana na swali moja. Mtoto ana uwezo wake, swali lina ugumu wake, na modeli inasema kinachoamua uwezekano wa kupata ni tofauti kati ya viwili hivyo, basi. Uwezo ukilingana na ugumu, uwezekano ni nusu kwa nusu. Uwezo ukizidi kwa 1, mtoto wa namna hiyo atapata mara 73 katika 100. Ukizidi kwa 2 ni mara 88, ukizidi kwa 3 ni mara 95. Upande wa chini ni hivyohivyo kwa kugeuza: ugumu ukizidi uwezo kwa 1, atapata mara 27 tu.

Kipimo hicho huitwa logiti. Hutokana na kugawa uwezekano wa kupata kwa uwezekano wa kukosa, kisha kuchukua logi asilia yake. Faida yake utaiona ukitazama asilimia. Mtoto anayetoka asilimia 50 kwenda 60 amesogea logiti 0.41. Anayetoka 90 kwenda 98 amesogea logiti 1.7, mara nne ya yule wa kwanza, ingawa kwa asilimia amesogea pungufu yake. Kila mwalimu wa Hisabati analijua hili hata kama hajawahi kuliandika: alama za mwisho mwishoni ndizo zinazomtoa mtu jasho.

Sasa angalia lile neno *tofauti*. Kama kinachohesabika ni uwezo kutoa ugumu, basi nikiongeza 5 kwenye uwezo wa kila mtoto na 5 kwenye ugumu wa kila swali, hakuna kinachobadilika. Majibu yale 8,480 uliyoyakusanya Machi, yaani watoto 212 mara maswali 40, hayawezi kuniambia sifuri iko wapi. Kwa hiyo programu inalazimika kuiweka sifuri mahali fulani kwa amri, na desturi ya programu nyingi ni kuiweka kwenye wastani wa ugumu wa maswali yaliyo mbele yake. Sifuri ya Machi ni wastani wa maswali ya Machi. Sifuri ya Juni ni wastani wa maswali ya Juni. Kijana wako aliendesha hesabu mara mbili, akapata sifuri mbili, kisha akazilinganisha namba kana kwamba sifuri ni moja.

Ni kama kupima kimo cha mtu kutoka sakafu ya chumba alichomo. Mmoja yuko chumbani Moshi mjini, mwingine yuko chumbani Marangu. Ukiniambia wa Moshi ana sentimita 170 na wa Marangu ana 160, nitakuamini. Ukiniambia basi wa Moshi ndiye aliye juu zaidi mlimani, nitakuuliza kama umepima na sakafu.

Utasema: "Lakini watoto ni walewale!" Hapa ndipo wengi wanapoteleza, tena watu wenye shahada. Ni kweli kwamba watoto walewale wakifanya mitihani miwili wanaweza kutumika kama daraja la kuiunganisha. Ila daraja hilo linasimama kwa sharti kwamba uwezo wao haukubadilika kati ya mtihani wa kwanza na wa pili. Wakifanya asubuhi na mchana wa siku ileile, sawa. Kati ya Machi na Juni umewafundisha, wengine waliugua, wengine walikwenda shamba. Kubadilika kwao ndiko unakotaka kukupima. Huwezi kuanza hesabu kwa kudai hakupo halafu umalize kwa kuuliza ni kiasi gani.

Kwa hiyo ilitakiwa kuwe na kitu kilichobaki vilevile kati ya mitihani miwili, na kitu cha kawaida ni maswali. Kama maswali 10 ya Machi yangerudi Juni, tungeuona ugumu wake kwenye hesabu ya kwanza na kwenye ya pili, tukajua sakafu ya Juni iko juu ya ya Machi kwa kiasi gani. Nyinyi mlitunga mapya yote. Siwalaumu, mtihani uliokwisha kutolewa unajulikana mtaa mzima, na kurudia maswali kunaonekana kama uvivu.

Uzuri ni kwamba shida hii hasa ndiyo iliyoizaa modeli yenyewe. Georg Rasch, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyezaliwa 1901, alipewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kazi ya kutazama maendeleo ya kusoma ya watu waliokuwa na shida ya kusoma tangu shuleni. Walikuwa wamepimwa nyakati tofauti kwa matini tofauti, nyingine nyepesi, nyingine nzito. Alitafuta namna ya kutenganisha usomaji wa mtu na uzito wa matini aliyopewa, na mwaka 1960 akachapisha kitabu mjini Copenhagen akieleza njia zake. Aliweza kwa sababu alikuwa na takwimu za watu waliosoma matini zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Huo ndio mkia niliosema umekatwa: modeli hutenganisha ugumu na uwezo ndani ya takwimu zilizofungamana. Zisipofungamana, haina uchawi.

Hata tafiti kubwa hufuata sheria hiyo. Matokeo ya SACMEQ, yanayowahusu wanafunzi wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, yako kwenye mizani yenye wastani wa 500 na mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa alama) wa 100, iliyowekwa kwa takwimu za mwaka 2000. Ile 500 si alama ya ufaulu. Ni mahali palipochaguliwa pawe sakafu, ili duru zinazofuata zipimwe kutoka hapohapo.

Je, kwako ndiyo basi tena? Hapana, bado unaweza kufunga fundo, na gharama yake ni karatasi na kipindi kimoja na nusu. Chagua maswali 10 ya Machi na 10 ya Juni, mepesi, ya kati na magumu, yenye mada zinazowakilisha mtihani mzima. Yachanganye ili ya Machi yasitangulie yote. Kisha omba kata ya jirani, ambayo haikufanya mtihani wenu hata mmoja, watoto wake kama 100 wa Darasa la Saba wayafanye kwa kikao kimoja. Wasiwe wenu, kwa sababu wenu wanayakumbuka, hasa ya Juni. Kila mtoto wa jirani atayafanya yote siku moja, akiwa na uwezo wake uleule, kwa hiyo makundi yote mawili ya maswali yatapimwa kutoka sakafu moja.

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kuelezea tu. Tuseme yale 10 ya Machi yalikuwa na wastani wa ugumu wa 0 kwenye hesabu ya Machi, na yale ya Juni 0 kwenye hesabu ya Juni. Kwa watoto wa jirani, ya Machi yanatoka na wastani wa −0.45 na ya Juni 0.45. Basi sakafu ya Juni iko juu ya ya Machi kwa 0.90. Ile −0.12 yenu ya Juni, ikipimwa kutoka sakafu ya Machi, inakuwa 0.78. Machi ilikuwa 0.52. Watoto wamepanda kwa 0.26, na barua ya onyo inageuka kuwa barua ya pongezi. Ila usipige vigelegele bado: kwa watoto 100 na maswali 10 kila upande, makadirio ya pengo hilo peke yake yana kosa la 0.1 au zaidi. Ungesema "hakuna dalili ya kushuka, na huenda wamepanda kidogo." Sentensi hiyo si tamu, lakini ukiulizwa unaweza kuitetea.

Na kama mfano ungetoka upande mwingine, yaani maswali ya Juni yakaonekana na ugumu uleule wa ya Machi, ungelazimika kukubali kwamba watoto wameshuka kweli. Jiandae kwa majibu yote mawili kabla ya kupeleka karatasi kwa jirani. Mimi mwenyewe zamani niliwahi kuiandikia ofisi moja ripoti ya kushuka kwa viwango nikilinganisha mitihani miwili isiyoungana, yenye michoro ya rangi na kila kitu. Haikuwa na msingi hata kidogo, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa hayo mengine.

Swali la 7 halina ubovu wowote kwa sababu ya ile alama ya kutoa. Sifuri ni wastani, kwa hiyo lazima maswali mengine yawe chini yake, mara nyingi karibu nusu. Mtoto wa wastani wa kata yenu, mwenye 0.52, ana uwezekano wa asilimia 93 wa kulipata swali la −2.1. Ni swali jepesi. Mtihani unayahitaji machache ya namna hiyo, vinginevyo watoto walio nyuma wote wanarundikana mahali pamoja na hujui nani anajua kujumlisha na nani hajui.

Swali la 33 ndilo lililonifanya niketi vizuri. Kwa ugumu wa 2.4, modeli inamtazamia mtoto wa wastani alipate mara 13 katika 100, na kweli waliolipata ni 30 kati ya 212, asilimia 14. Lakini swali lina machaguo manne. Mtoto asiyejua chochote, akafumba macho na kuweka kalamu popote, atapata mara 25 katika 100. Watoto wenu wamefanya vibaya kuliko kufumba macho! Ujinga peke yake haufanyi hivyo. Kuna kitu kinawavuta kwenye C, na vitu vya kawaida ni viwili. Ama C ni kosa linalofundishika, mathalani mtoto anayejumlisha sehemu kwa kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na nyinyi mmelitega kwa ustadi. Ama C ndilo jibu sahihi na mwongozo wenu wa usahihishaji umekosewa.

Namna ya kutofautisha haihitaji kompyuta. Panga karatasi kwa alama za jumla, chukua 50 za juu, hesabu wangapi walichagua C. Wa juu wakiwa wameikimbia C na kuchagua B, swali ni gumu lakini ni halali. Wa juu wakiwa ndio walioijaza C, kaa na kalamu ulifanye swali hilo mwenyewe kabla ya kumwambia mtu yeyote. Onyo la programu hutokana na jambo hilohilo: linapanda pale walio juu wanapokosa na walio chini wanapopata, kinyume cha matarajio. Na hapa nikuonye jambo moja la kuchekesha kidogo: ikiwa C ndiyo sahihi, watoto 118 watahesabiwa badala ya 30, na wastani wa Machi utapanda kutoka 24 hadi karibu 24.4. Pengo litaonekana kubwa zaidi. Sahihisha hivyohivyo.

Sasa mwanafunzi aliyepata 40 kati ya 40. Wavuvi wetu hupima maji ya kina kifupi kwa upondo. Ukiugusisha mchanga, unajua kina. Ukiutosa wote na haujagusa kitu, unajua jambo moja tu: kina kinazidi urefu wa upondo. Kinazidi kwa dhiraa moja au kwa bahari nzima, upondo haukuambii. Mtoto huyu amekula maswali yako yote. Kwa hesabu kavu uwezo wake ungekuwa usio na kikomo, kwa hiyo programu huchukulia kana kwamba amepungukiwa kidogo, tuseme 39.7, ili ipatikane namba ya kuandika. Kosa la 1.83 ni uaminifu wa programu: linasema mtihani uliisha kabla ya mtoto kuisha. Halimshuku mtoto. Aliyepata sifuri naye angekuwa na kosa kubwa kama hilo kwa sababu ileile. Ukitaka kumjua, mpe maswali magumu zaidi, hesabu peke yake haitakuambia.

Hao wawili wenye 28 wamenifikisha kwenye dhana potofu inayopendwa kuliko zote, kwamba modeli hizi humpa mtu alama zaidi kwa kupata maswali magumu. Modeli ya Rasch haifanyi hivyo. Waliofanya mtihani mmoja wakapata jumla moja, hupewa uwezo mmoja, wapate yapi wakose yapi. Ukifikiri utaona si dhuluma. Aliyepata magumu ambayo mwenzake aliyakosa amekosa pia mepesi ambayo mwenzake aliyapata, maana jumla ni ileile. Kupata gumu ni ushahidi wa kupanda, kukosa jepesi ni ushahidi wa kushuka, na kwa modeli hii vinafutana. Ukimhesabia lile la kwanza ukamsamehe la pili, unampendelea. Kumbuka pia kwamba kwa machaguo manne, swali gumu hupatikana kwa bahati mara moja katika nne, wakati kulikosa jepesi kwa bahati mbaya ni nadra kwa mtoto anayejua.

Kuna modeli nyingine ambazo huzingatia mpangilio wa majibu. Huyapa maswali sifa ya pili, ambayo napenda kuiita ukali: swali kali hukata vizuri kati ya anayejua na asiyejua, swali butu halikati. Huko maswali makali hubeba uzito zaidi. Angalia lakini, ni makali, si magumu; swali gumu laweza kuwa butu kabisa. Katika tafiti za kimataifa za kupima wanafunzi, PISA ilitumia modeli ya familia ya Rasch tangu 2000, kisha mwaka 2015 ikageukia modeli yenye ukali, na TIMSS huongeza hata sifa ya tatu, ya kubahatisha. Wataalamu wanagombana juu ya hili tangu kabla sijazaliwa, nami sitawapatanisha. Kwa kata yako najibu bila kusita: baki na Rasch. Kukadiria ukali kwa utulivu hutaka kama watahiniwa 500, na kubahatisha 1,000 na zaidi, una 212. Halafu kuna mzazi. Jaribu kumweleza mama kwamba mwanawe mwenye 28 yuko nyuma ya wa jirani mwenye 28 kwa sababu ya ukali wa maswali.

Hata hivyo mpangilio wa majibu si wa kutupa. Umesema aliyekosa mepesi aliyakosa hasa ya mwanzoni. Mwite umuulize. Huenda alichelewa kuingia, au aliruka ukurasa, au alianza nyuma kwa ushauri wa kaka yake. Mtoto anayekosa ya mwanzo na kupata ya mwisho, au anayekosa kila penye mchoro, ananiambia kitu ambacho jumla ya 28 haiwezi kuniambia. Ukimkuta haoni vizuri michoro, apelekwe kupimwa macho, na hilo lisisubiri takwimu.

Kuhusu nafasi, afadhali uzilegeze. Kwa maswali 40, alama ya mtoto wa katikati hutikisika kwa karibu alama 3 kwenda juu au chini, kwa bahati na siku yake tu. Anayeshika nafasi ya 60 na anayeshika ya 75 wanaweza kubadilishana wiki ijayo bila yeyote kujifunza wala kusahau kitu. Na usigeuze logiti kuwa alama za 100 kwa ajili ya wazazi. Mizani yoyote utakayotengeneza, ukiandika 62 watasoma asilimia 62. Wazazi wape jumla ya kawaida. Logiti zibaki mezani kwa walimu.

Kufuta maswali? Usifute kwa namba. Namba inakupeleka kwenye karatasi; uamuzi unafanywa kwa macho. Kwa mitihani ya kuchagua, watu wengi huanza kutazama pale kipimo cha ulinganifu, kinacholinganisha majibu ya swali na matarajio ya modeli na ambacho kwa kawaida kingekuwa 1, kinapozidi 1.3. Kikiwa chini ya 0.7 usihangaike, swali halijamdhuru mtu. Mwongozo ukiwa umekosewa, rekebisha na usahihishe upya kwa wote. Swali likiwa na majibu mawili sahihi au halina hata moja, liondoe kwa wote. Swali likiwa zima lakini halielewani na modeli, liache. Nimeona watu wakifuta, wakaendesha tena, wakafuta tena, hadi namba zikang'aa, na mwisho mtihani wa Hisabati ukabaki na hesabu za kujumlisha tu kwa sababu mafumbo yote yalikuwa na "kasoro". Mafumbo yale hukaa pembeni kwa sababu yanadai pia kusoma Kiswahili kirefu, na mtoto anayekokotoa vizuri lakini anasoma kwa shida hujikwaa hapo. Hilo ni la kujadili na mwalimu wa Kiswahili.

Kwa kazi ya kujua maswali yapi hayaelewani na modeli, unaweza kuendelea na kijana wako na programu za bure kama R na vifurushi vyake vya eRm au TAM. Lakini matokeo yakitakiwa kumwajibisha mwalimu, kugawa watoto kwenye mikondo, au kulinganisha shule kwa shule huku shule nyingine ikiwa na watoto 25 tu, tafuta mtu wa kuketi naye uso kwa uso na takwimu zenyewe. Vyuo vikuu vyenye shule za elimu, kama Dar es Salaam, vina wahadhiri wa saikolojia ya elimu na upimaji. Nenda na majibu ya kila mtoto kwa kila swali, herufi aliyochagua, si tiki na kosa tu, pamoja na karatasi za maswali. Bila herufi, lile la 33 lisingejulikana.

Kwa Afisa Elimu Kata ningeandika hivi, ukibadilisha unavyoona: "Mtihani wa Machi na wa Juni ulikuwa na maswali tofauti yote, kwa hiyo tofauti ya wastani inaweza kutokana na ugumu wa mtihani, uwezo wa watoto, au vyote viwili. Tunaomba wiki tatu kufanya zoezi la kuunganisha mitihani hii kwa msaada wa kata ya jirani. Swali la 33 la Machi linahakikiwa." Asiporidhika, muulize kwa adabu yeye angetofautishaje.

Mtihani wenu ujao uwe na maswali 8 hadi 10 yaliyotoka Machi, yasiguswe hata nukta, yabaki mahali palepale au karibu na yalipokuwa, na la 33 lisiwe mojawapo. Kusanyeni karatasi za maswali mlangoni watoto wanapotoka, mzihesabu, mfungie kabatini. Na mkubaliane walimu wote wa shule tano kwamba hakuna atakayezipiga picha kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi jioni ile.